Simu Yako Si Kamera

Shosho alipofariki tulikuwa wajukuu kumi na wanne sebuleni kwake, na simu zisizopungua kumi na sita. Mjomba aliyekuwa anashughulikia programu ya mazishi aliuliza swali moja tu: "Nani ako na picha poa ya mama?"

Vichwa vikainama, vidole vikaanza kuteleza kwenye vioo. Dakika kumi zikaisha, kisha ishirini. Kulikuwa na Shosho mwenye masikio ya mbwa na ulimi wa katuni, kazi ya binamu yetu mdogo. Kulikuwa na Shosho nyuma ya keki ya mtu, nusu uso. Kulikuwa na Shosho aliyetumwa WhatsApp, akapakuliwa, akatumwa tena kwa kundi lingine, mpaka uso wake umekuwa kama umechorwa kwa maziwa. Picha zangu mimi, zile nilizompiga Desemba yake ya mwisho akipura maharagwe nje na kunitusi kwa mapenzi, zilikuwa kwenye simu niliyonyakuliwa dirishani mwa matatu pale Muthurwa, wiki mbili baada ya mwaka mpya.

Mwishowe tulitumia picha ya kipande. Mwanamke aliyelea watoto saba na nusu ya watoto wa majirani alizikwa chini ya picha aliyopigwa na serikali, amekunja uso kama mshukiwa.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mamangu alifungua kabati akatoa albamu, ile ya jalada la plastiki yenye maua. Huko ndani, ukurasa wa nne, Shosho alikuwa na miaka kama thelathini, amesimama mbele ya pazia la studio lililochorwa ziwa na swara, mguu mmoja mbele, mkoba mkononi, anacheka kama mtu ambaye hajawahi kudaiwa. Picha ina zaidi ya miaka arobaini. Haijawahi kuisha chaji. Lakini programu zilikuwa zimeshachapishwa, zimeshagawanywa, na zingine tayari zilikuwa zinafungiwa njugu pale stejini.

Kwa hivyo nimekuja na ugomvi. Na ugomvi wangu ni na wewe, mwenye simu ya megapikseli 108, unayeniona nikitoa kikamera changu mfukoni unacheka: "Bana, hiyo umetoa makumbusho?"

Kwanza nikuonyeshe ninachobeba. Ni Canon IXUS ya zamani, rangi ya fedha iliyochubuka pembeni, inaingia mfuko wa shati. Niliipata mkono wa pili kwenye kaduka ka ghorofani Luthuli Avenue, elfu nne na mia tano baada ya kuvutana kutoka elfu saba, pamoja na betri moja, chaja ambayo si yake, na kadi ya gigabaiti 8. Kwenye kadi mlibaki picha mbili za mwenyewe wa kwanza: mbwa mweupe juu ya kochi, na dirisha lenye theluji nje. Hapo nikajua mitumba si nguo tu. Mwaka 2010 kampuni za Japani zilikuwa zinasafirisha zaidi ya kamera milioni mia moja za kidijitali kwa mwaka, nyingi zikiwa hizi ndogo za mfukoni. Halafu simu zikaja, biashara ikaporomoka, na kamera zikabaki kwenye droo za watu huko Ulaya na Asia. Baadhi zimetufikia, zikifuata njia ileile ya jinzi na friji.

Sasa sikiliza, sitakudanganya. Ukiziweka kwa mizani, simu yako mpya inaishinda hii kamera. Sensa ya kamera yangu ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na usiku bila flashi picha zake zinajaa chenga kama televisheni ya zamani iliyokosa mawimbi. Kwa hivyo tusibishane kuhusu megapikseli. Wanaotetea kamera ndogo kwa kusema eti "picha zake ni kali kuliko za simu" wanatuaibisha. Hoja yangu iko kwingine: iko kwenye kile ambacho kila kifaa kinamfanyia mtu anayekishika.

Fikiria unavyopiga picha kwa simu. Mtoto wa dadako amevaa viatu vya babake na anatembea kama chifu. Unachomoa simu. Kabla hujafika kwenye kamera, kuna ujumbe wa bosi. Juu yake kuna programu ya mkopo inakukumbusha kwa upole wa kutisha kwamba leo ni siku yako. Kuna mtu amejibu stori yako. Unainua macho, mtoto amevua viatu na ameanza kulia. Hukukosa picha kwa sababu ya lenzi mbaya. Uliikosa kwa sababu ulipofungua mlango ili utoke, watu hamsini waliingia.

Kamera yangu haina M-Pesa na haijui bosi wangu. Nikibonyeza kitufe cha juu, lenzi inatoka na kale kamlio kake, na kazi iliyobaki duniani ni moja. Sijui kama umewahi kushika kitu chenye kazi moja hivi karibuni. Jembe ni hivyo. Sufuria ni hivyo. Mikono inatulia.

Halafu kuna hili la barabarani, na hapa wakazi wa Nairobi mtanielewa. Nani kati yetu anatoa simu kwa raha pale Moi Avenue saa kumi na mbili jioni? Ukinyang'anywa simu hujapoteza kamera. Umepoteza benki, kazi, namba za watu, nywila, na Shosho. Tumeweka maisha yote kwenye kioo kimoja kisha tunakitembeza dirishani mwa matatu. Kamera ya elfu nne nikiibiwa nitaumia, sitasema uongo. Lakini mwizi ataondoka na wiki moja ya picha, kwa sababu kila Jumapili usiku natoa kadi na kuimwaga kwenye laptopu, kisha kwenye diski ya pembeni. Dakika kumi na tano. Muda wa kungoja ugali uive.

Utasema: "Si zangu ziko kwa intaneti, ziko salama." Ziko salama mpaka lini, na kwa masharti ya nani? Tarehe 1 Juni 2021 Google Photos iliacha kutoa hifadhi ya bure isiyo na kikomo, na watu waliokuwa wamezoea kumwaga kila kitu huko wakajikuta wanahesabu gigabaiti 15 kama watu wanaohesabu mitungi ya maji ya Jumatatu. Sisemi ni wizi. Ni biashara, na stoo ni yao. Nasema tu kwamba ukimpa mwenye stoo ghala la kumbukumbu za familia yako, usishangae siku atakayokuja na risiti ya kodi. Na ukisahau nywila, ukafa, ukahama namba, ni nani atawafungulia wajukuu?

Shosho hakuwa na nywila. Albamu ilikuwa kabatini, kabati lilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa kwenye fundo la leso yake. Mgeni akija, kabla chai haijachemka, anapewa albamu. Mnakumbuka? Ndiyo ilikuwa intaneti ya sebuleni. Unaketi karibu na mgeni unamwelekeza kidole: huyu ni mjomba kabla aende Mombasa, huyu alifariki, huyu hatumuongelei. Watoto wa nyumba hiyo walijua ukoo wao kwa sababu walisikia maelezo hayo mara mia moja. Leo mgeni akija tunampa nywila ya waifai.

Na msinichukulie kama mzee anayelilia zamani. Sijafika hata thelathini. Hii nchi ina historia ndefu ya watu wa kawaida kutaka sura zao zihifadhiwe vizuri. Mombasa, studio ya N. V. Parekh ilipiga picha za watu kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1940: maharusi, marafiki, mabaharia, wanawake waliovalia wakavalika. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyekata na kuunganisha picha mpaka mtu akatokea mahali ambapo hangeweza kufika kwa miguu. Na mitaani kwetu kulikuwa na yule mpiga picha wa Jumapili, anayekuvizia nje ya kanisa, anakupiga, anaandika jina lako kwenye kijitabu, halafu wiki inayofuata anarudi na picha zilizooshwa kwenye bahasha ya njano na kudai hela zake. Watu walivaa, walisimama wima, walijua wanatengeneza kitu kitakachobaki.

Sisi tunapiga picha nyingi zaidi kuliko kizazi chochote kabla yetu, na hatuna ya kuweka kwenye programu ya mazishi. Hiyo ndiyo aibu inayonifanya niandike.

Twende kwa uso. Ukipiga picha kwa simu ya siku hizi, hupigi picha moja. Simu inapiga kadhaa kwa mkupuo, inaziunganisha, inainua giza, inapunguza mwanga, na kwenye simu nyingi inalainisha ngozi kabla hujaombwa ruhusa. Nimeona picha za marafiki zangu ambao ni weusi kama usiku wa Turkana wakitoka rangi ya chai ya maziwa. Wenyewe wanasema, "Simu hii inatoa watu poa." Inatoa watu gani? Mtu fulani mbali, kwenye ofisi usiyoijua, ameamua ngozi nzuri inafanana vipi, na uamuzi huo umeingizwa mfukoni mwako.

Najua hakuna kamera isiyo na lawama. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilisambaza kwa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na filamu za dunia nzima zikapimwa kwa ngozi hiyo. Sisi tulitoka kwenye picha hizo kama meno na macho. Kwa hivyo siabudu zamani. Lakini kamera yangu ndogo ina heshima moja: ikikosea, inakosea waziwazi. Picha ikiwa nyeusi, ni nyeusi, nasogea kwenye mwanga. Ikiwa na giza zaidi nawasha flashi, ambayo ni flashi ya gesi ya xenon, si tochi kama ya simu. Inalipuka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na kumgandisha mtu katikati ya mruko wa densi, jasho na yote, ngozi ikimeta jinsi inavyometa kweli. Pua yangu inabaki pua ya babangu.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana adui hayuko kwa simu pekee.

Kuna nyinyi mlionunua kamera hizi kwa sababu ya vaibu. Mliona video ya mtu Marekani au Korea akipiga picha za kitovu na flashi, mkakimbia Luthuli, na sasa ile kamera ya elfu nne inaitishwa elfu kumi na mbili. Mnaipeleka klabu Ijumaa, mnaipiga picha kwenye kioo cha choo, mnahamisha picha kwa simu, mnapachika, na kamera inarudi kwenye droo mpaka Ijumaa nyingine. Samahani, lakini hapo hujaacha simu. Umeipa tu mavazi. Kamera ya mfukoni haina maana ikiwa haiko mfukoni Jumanne, saa tatu asubuhi, kwenye foleni ya Huduma Centre. Uzuri wake wote ni kwamba ipo siku ambayo hakuna kitu kinachofanyika.

Na kuna nyinyi mabwana wa vifaa. Nyinyi mnaosema huwezi kubeba kamera ya mfukoni mpaka iwe Ricoh GR, au Fujifilm X100VI, iliyozinduliwa Februari 2024 kwa dola 1,599. Ni kamera safi, sikatai. Lakini dola 1,599 kwa wengi wetu ni kodi ya keja ya mwaka mzima na zaidi, na mtu akiibeba hatembei Gikomba kwa amani. Mnawafanya vijana waamini kwamba kabla ya kupiga picha ya mama yao lazima waweke akiba miaka mitatu. Mama hatangoja. Kamera iliyo bora ni ile ambayo huogopi kuitoa kwenye mvua, kumpa mtoto ashike, kuiacha mezani hotelini ukiwa unanawa mikono.

Karibu mwaka 1930 Martin Munkácsi alipiga ile picha ijulikanayo kama ya wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika wakikimbilia maji. Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliiona, ikamtikisa, naye akachukua Leica ndogo na kuingia nayo barabarani. Alichotaka kwa kamera ndogo ni kwamba haimzuii mtu kutembea. Fikiria: miili ya watoto weusi wakichezea maji ndiyo iliyomsukuma huyo mzee barabarani. Na sisi ambao hao watoto wangeweza kuwa babu zetu, tunangoja ofa ya Black Friday.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuipuuza. Juni 2024, tulipokuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, ni simu zilizotuokoa. Kamera yangu isingeweza kurusha moja kwa moja. Kamera yangu isingefikisha sura ya aliyeanguka kwa mamake ndani ya dakika tano, wala isingewafanya walio mbali waamini. Siku hiyo nilikuwa nayo mfukoni na nilitoa simu kama kila mtu. Kubali: simu ni shahidi, na shahidi anayepiga mayowe papo hapo ana kazi yake.

Lakini nimejiuliza tangu hapo: ziko wapi? Zile video elfu tulizotazama tukilia, wangapi kati yetu wanaweza kuzipata leo? Nyingine zimefutwa, nyingine zimezama chini ya densi na matangazo ya viatu. Akaunti zimefungwa, simu zimepotea. Nilicho nacho mimi cha Juni ile ni picha kumi na saba za siku zilizofuata, nilizopiga kwa kikamera changu: duka lenye mabati yaliyopinda, bango lililobaki limeloa kwenye mtaro, rafiki yangu akila chapati kimya kimya na macho mekundu. Ziko kwa karatasi. Mayowe tunayahitaji, na baada ya mayowe tunahitaji mtu aliyeweka kumbukumbu. Usiniambie chombo kimoja kinatosha kwa kazi zote mbili.

Nimalizie na Mama Njoki, si jina lake kamili, anayeuza mboga chini ya ghorofa yetu. Nilipoanza kutembea na kamera nilimwomba nimpige akikata sukuma. Alinyoosha kisu kama anataka kunikata mimi, kisha akacheka, akarekebisha kitambaa, akakaa wima. Nikapiga. Nikamwonyesha kwenye kioo kidogo cha nyuma. Akakitazama sana. Halafu akauliza lile swali ambalo kila Mkenya wa umri wake huuliza:

"Utaniletea?"

Miaka yote ya simu nimejibu swali hilo kwa uongo mmoja: "Nitakutumia WhatsApp, mama." Hatumi mtu. Namba haikuandikwa, au iliandikwa, na picha ikazama chini ya picha nyingine mia tisa. Lakini nikiwa na kamera mkononi, sikuwa na pa kujificha. Haina WhatsApp. Nikasema, "Nitakuletea, mama, Jumatano."

Jumanne nikaenda kuosha. Kuosha picha moja ya kawaida pale nilipoenda kuligharimu kama smokie pasua. Jumatano nikampelekea kwenye bahasha. Hakusema mengi. Alifuta mikono kwa aproni, akaishika pembeni kwa vidole viwili, jinsi Shosho alivyokuwa akishika picha, akaita mwanawe aone. Siku hiyo nilibeba sukuma ya bure ambayo sikuwa na friji ya kuiweka. Picha hiyo sasa imebandikwa kwa gundi kwenye ubao wa kibanda, juu ya nyanya, ndani ya karatasi ya plastiki ili mvua isiiguse. Kanju wakija kuvunja vibanda, amesema, hicho ndicho kitu cha kwanza atakachong'oa.

Kwa hivyo sikuombi utupe simu. Piga nayo risiti, piga nayo ajali, piga nayo askari anayekuitisha kitu kidogo. Naomba tu utafute kamera ndogo, yoyote ile: ya anko aliyerudi majuu, ya droo ya ofisi, ya Luthuli ukiwa na subira ya kuvutana. Ibebe kila siku, hasa siku za bure. Mwaga kadi kila Jumapili. Chagua picha kumi kwa mwezi, uzioshe, andika nyuma jina na tarehe kwa kalamu. Nunua albamu, bado zinauzwa, na zile za maua bado zipo.

Na anza na yule ambaye bado yuko. Kama shosho wako yuko hai, nenda ushago wikendi hii. Usimwambie atabasamu. Mwache apure maharagwe. Akikuuliza kama utamletea, mpe siku, na siku hiyo ikifika, uwe mlangoni.